Fuawe Ndani ya Kigari cha Mapacha

Jamani, kama kuna mmoja wenu alikuwa barabara ya Gerrard hapa Toronto ile Jumamosi, akaona mwanaume mzima wa miaka hamsini na mbili anasukuma kigari cha mtoto kinachofuka moshi, hasemi na mtu, jasho linamtiririka na huku baridi inakata masikio, basi msihangaike kuulizana, nilikuwa mimi. Nakiri mwenyewe kabla hamjaletewa na watu, maana mkisubiri kuletewa mtaambiwa nilikuwa uchi. (Sikuwa uchi. Nilivua koti tu, na nitaeleza kwa nini.)

Kisa kilianza na mapenzi, na mapenzi ya mtu mzima hayana breki. Mke wangu alifariki miaka minane iliyopita, nikabaki na kazi yangu ya kufunga mikate kiwandani, narudi nyumbani nanukia hamira, nakula peke yangu. Sasa pale kanisani kwetu kuna dada mmoja, Consolata, anahudumia wazee majumbani, mtu wa Uvira kule Kongo, akicheka kanisa zima linageuka hata mchungaji akiwa kwenye maombi. Tukapendana. Nikaenda kwa baba yake kuposa.

Baba yake ni Mzee Zakaria, anakaa na Consolata ghorofa ya sita pale Regent Park, mkavu kama kuni, ana macho ambayo ukiongopa anakuona mpaka maini. Nikamwamkia, nikakaa kwenye ncha ya kochi, nikatoa hotuba yangu ya mahari. Nikasema kwetu Kasulu tunatoa ng'ombe.

"Ng'ombe," akasema. "Utaifunga wapi? Ndani ya lifti?"

Nikacheka peke yangu. Akaendelea kunitazama.

"Baba mkwe," nikaanza.

"Mkwe ya nani? Bado. Weye baba yako alikuwa anafanya kazi gani?"

Nikamwambia baba alikuwa mhunzi, anafua majembe na mapanga, na mimi mwenyewe kabla ya kuja huku nilikuwa nachomelea mageti Kigoma mjini. (Hapo nikaongeza kidogo. Nilisema hakuna geti Kigoma ambalo halijapita mkononi kwangu, nikasema hata meli ziwani zilikuwa zinanisubiri mimi. Meli ilikuwa moja, nilichomelea kiti cha nahodha.) Mzee akainuka, akanipeleka kwenye baraza, akafunua turubai.

Chini ya turubai kulikuwa na fuawe. Fuawe kabisa, kile chuma kikubwa cha mhunzi cha kufulia majembe, lina pembe upande mmoja kama mdomo wa ndege. Consolata alinisimulia baadaye lilivyopatikana: kanisa liliwapeleka wazee shambani nje ya mji kuchuma matufaha, mzee akaliona kwenye nyasi, limewekwa kuzuia mlango wa ghala usipigwe na upepo, akaenda akalikalia. Basi la kurudi likafika, mzee kakaa. Wakamsihi, kakaa. Mwishowe mwenye shamba akasema mpeni babu chuma chake tufunge geti. Lakini lilikuwa limezeeka, kingo zimemeguka kama meno ya bibi, mgongo umebonyea kama wa punda aliyebeba chumvi maisha yake yote.

Akatoa nyundo chini ya kitanda, mpini umeng'aa kwa kushikwa. "Nyundo nilikimbia nayo vita," akasema. "Fuawe niliizika nyuma ya nyumba, juu ya uzito, haikubebeka. Tangu siku ile niko na nyundo haina pa kupigia." Akaligonga lile fuawe. Likasema bwe, kama sufuria ya ugali. "Unasikia? Imekufa. Ifanye iimbe. Mahari yangu ni ile tu."

Nikasema hiyo ni kazi ya asubuhi moja, baba.

"Ngoja. Itakuja imefunikwa kama bibi arusi. Isiingie kwangu ikiwa baridi, iwe bado na joto ya moto. Na mwenye kuileta hafungue kinywa njiani, hata kwa salamu. Akisema, uso ya fuawe inapasuka."

Mwingine angeona mzee amechoka akili. Mimi nywele zilinisimama, maana hata baba yangu alifanya hivyo hivyo. Nilikuwa na miaka kama sita hivi, baba na baba mdogo wakaja na fuawe jipya limeviringishwa kitenge cha mama, wamelibeba kwa mti mabegani, wakapita katikati ya soko bila kumjibu mtu, na watu wakawapisha kimya kimya, na mlangoni mama na wanawake wenzake wakapiga vigelegele mpaka kuku wakapanda juu ya paa. Siku ile nililia nikidhani baba kaoa mke wa pili, kumbe ni chuma. Na kuanzia kesho yake asubuhi saa yetu ikawa ni lile fuawe, baba alikuwa kabla ya kazi analigonga mara mbili tupu, hana jembe wala nini, ngee, ngee, analiamsha. Mimi nimeishi Toronto miaka kumi na tisa nina saa ya ukutani na ya mkononi na ya simu, na hakuna hata moja iliyowahi kuniamsha vizuri kama ile.

Basi nikaenda kwa Bwana Karimu. Huyu ni Mhindi wa Bukoba, amezaliwa kule, wazee wake waliuza baiskeli, na Kiswahili chake kimenyooka mpaka changu kinaona haya. Ana gereji ya magari huko mashariki, ng'ambo ya Mto Don. Akaja na pikapu yake, tukalishusha fuawe (kilo hamsini na tano, ila kwenye ngazi lilikuwa mia tatu, maana siku hiyo lifti ilikuwa mbovu), tukalipeleka kwake.

Jumamosi asubuhi nikaanza. Na hapa niruhusuni nijisifu kidogo kwa sababu mbele huko hakuna sifa hata moja. Nilisaga zile kingo kwa grainda mpaka chuma kizima kikaonekana. Nikalipasha moto wa gesi taratibu, pande zote, lisije likashtuka, mpaka nikilitemea mate yanarukaruka na kupotea. Ndipo nikavaa kofia ya uso nikaanza kuchomelea kwa vile vijiti vigumu vya kujazia, mstari juu ya mstari, kila mstari nagonga maganda, nasafisha, narudi tena, na ile harufu ya chuma kinachoungua ikanipeleka Kasulu bila tiketi. Saa nne nzima sikusikia njaa. Nikasaga uso ukawa tambarare, ukiweka yai haliviringiki. Nikaligonga kidogo na nyundo ya gereji. Ngee. Karimu akaacha gari alilokuwa anafungua akaja.

"Eliya, mkono huo hukuupata Canada," akasema. "Sasa lifukie kwenye majivu lipoe lenyewe. Jumatatu pikapu inarudi, ndugu yangu yuko nayo Vaughan, tutalipeleka kistaarabu kama mlivyokubaliana na Consolata."

"Jumatatu litakuwa limepoa. Mzee analitaka na joto lake."

"Mzee analitaka na joto lake, chuma chenyewe chataka kupoa polepole, na nje kuna baridi hiyo. Wewe wamtii nani?"

"Chuma hakina binti," nikamjibu.

Hapo ndipo nilipojichimbia shimo, tena kwa mdomo wangu. Ningengoja siku mbili tu.

Asubuhi nilikuwa nimekuja na zana zangu kwenye kigari cha mtoto, kile kipana cha mapacha, nimekiazima kwa jirani yangu Mama Dorika na kumwahidi nitakirudisha kama kilivyo. Nikaona, si hiki hapa. Tukalifunga fuawe na majivu ndani ya lile blanketi la gereji lisiloshika moto, tukalilaza kigarini, magurudumu yakaguna. Juu yake, kwa ajili ya heshima, nikaweka blanketi la watoto la sufu lenye picha za kondoo. Ile pembe ikawa inachomoza, bado ya moto, nikaogopa isije ikamuunguza mtu, nikaivalisha kofia yangu nyekundu. Karimu akasimama mbali akaangalia.

"Nani atakuuliza habari ya mtoto huyu?" akasema.

Sikumjibu. Nilikuwa nimeshaanza kunyamaza.

Tramu ikaja, dereva akatoa kile kibao cha kupandishia kama ulimi, nikapandisha bibi arusi wangu, watu wakanipisha wakitabasamu. Bibi mmoja wa Kizungu mwenye mbwa ndani ya mkoba akainama kuangalia ile kofia akaniuliza mtoto ana miezi mingapi. Nikatabasamu. Akauliza ni wa kike au wa kiume. Nikatabasamu zaidi. Akaona labda sijui Kiingereza, akarudia polepole kwa sauti kubwa, tramu nzima ikasikia, nami nimebana midomo kama mtu aliyemeza kitunguu.

Tukavuka daraja. Na kituo kinachofuata nani apande? Mama Agneta, kiongozi wa kwaya yetu, mama ambaye akijua jambo saa tatu, saa tatu na robo Bujumbura wanalo.

"Bwana asifiwe, kaka Eliya," akasema.

Ndugu zangu, mnajua uzito wa neno lile. Mtu anaweza kukusamehe ukimkanyaga, ukimla kuku wake, lakini umwambie Bwana asifiwe akae kimya? Mimi mwenyewe nimewahi kumsema mtu mwaka mzima kwa kosa hilo. Nikainamisha kichwa, nikaweka mkono kifuani.

"Nimesema Bwana asifiwe."

Nikaangalia dari.

"Na huyu mtoto ni wa nani?"

Nikakigeuza kigari. Nikawa naona anavyohesabu kichwani: Eliya mjane, Eliya mchumba wa Consolata, Eliya ana mtoto kwenye tramu, Eliya hawezi hata kumtaja Bwana. Akatoa simu, akageukia dirisha, na sauti ya kwaya hainong'oni, nikasikia kila neno. "Consolata, uko nyumbani? Kaa chini kwanza."

Nilichobakiza ni kufa. Lakini nikawaza mzee ameketi dirishani, nikawaza kitenge cha mama, nikasema moyoni vituo viwili tu, Eliya, baba yako alipita soko zima.

Wakati huo lile blanketi la kondoo likaanza. Sufu haiwaki, inanuka. Harufu ya nywele zilizoungua ikajaa tramu, kisha moshi mwembamba kama wa sigara ukapanda pale kwenye kofia, yule bibi akapiga ukelele kwamba mtoto anatokwa na moshi, mbwa akabweka, mtu akavuta kamba, mwingine akapiga simu, dereva akafungua milango, nami nikateremka kabla ya kituo kwa kasi ambayo gurudumu moja la mbele liliamua tusiendelee pamoja. Nikasukuma kwa magurudumu yaliyobaki, upande mmoja unakwaruza barabara, nikapita Gerrard natoa cheche nyuma na moshi mbele kama garimoshi la Kigoma, watu wanatoa simu wanapiga picha.

Nikafika mbele ya jengo. Zilibaki hatua ishirini kufika mlangoni. Juu ghorofa ya sita niliona kichwa cha Mzee Zakaria kwenye kioo. Na mlangoni amesimama Consolata, amevaa ndala kwenye baridi ile, nyuma yake majirani na akina mama wawili wa kwaya ambao sijui hata walifikaje mbele yangu.

"Eliya," akasema taratibu. "Mtoto wa nani?"

Nikaonyesha mdomo wangu, nikatikisa kidole.

"Si tulikubaliana fuawe linakuja Jumatatu na pikapu? Sasa wewe leo umeniletea nini? Mtoto wa nani?"

Nikaonyesha juu, kwa baba yake. Hapo nikaharibu zaidi.

"Wa baba?"

Akina mama wakashika vifua.

"Eliya, nakuuliza mara ya mwisho na machozi sina, nimeyamaliza kwenye ngazi. Sema neno moja."

Sikusema. Wallahi mimi Mkristo lakini hapo naapa kwa lolote, lilikuwa kooni, na nililimeza kwa sababu ya hatua ishirini.

Ndipo gari la zimamoto likasimama nyuma yangu. Akashuka kijana mpana kama kabati, akaniuliza kama kuna mtoto ndani. Nikatikisa kichwa. Akauliza kuna nini. Nikachora fuawe hewani kwa mikono (nadhani nilichora ng'ombe). Akanyoosha mkono, akasikia joto, akarudi nyuma, mwenzake akaleta mtungi wa maji.

Nikauona ule mdomo wa mpira unaelekezwa kwenye uso niliouchomelea kwa saa nne, bado una moto ndani, na mtu yeyote aliyewahi kushika chuma anajua maji ya baridi hapo yanafanya nini. Nikavua koti nikalitupa juu ya fuawe. Koti nalo likaanza kufuka. Akanyanyua mtungi.

"Usimwage maji! Litapasuka, ngoja lipoe lenyewe!"

Kwa Kiswahili, kwa sauti ambayo Uvira na Kasulu walisikia kwa pamoja. Yule kijana wala hakujua nimesema nini, aliona koti linaungua, akamwaga. Pssss. Mvuke ukapanda tukapotea sote ndani yake. Na katikati ya ule mvuke, kikatoka kisauti kidogo, tii, kama kikombe cha chai kinapopasuka mtu akiwa chumba kingine.

Mvuke ulipoondoka kila mtu aliliona fuawe, limekaa kwenye kigari cha mapacha na kofia nyekundu kwenye pembe. Kijana wa zimamoto akavua kofia yake ya chuma akajikuna. Akina mama wa kwaya wakaanza kuangalia viatu vyao.

Consolata hakucheka. "Kwa hiyo una ulimi," akasema. "Mimi nimekuuliza mara ngapi, natetemeka hapa na ndala, umekaa kimya. Chuma kumwagiwa maji tu, ukapata sauti."

Sikuwa na jibu, na safari hii si kwa sababu ya mila.

Mlango ukafunguka, Mzee Zakaria akatoka na koti juu ya pajama, nyundo mkononi. Watu wakampisha, hata wale wa zimamoto. Akazunguka kigari. Akaliona jeraha, mstari mwembamba kama unywele, umekatiza upande wa nyuma wa uso.

"Umesema," akaniambia.

"Nimesema, baba."

"Ulisema nini?"

"Nilisema wasimwagie maji."

Akaguna. Akagonga upande wa ufa. Bwe. Akagonga upande wa pembe, na nyundo ikaruka yenyewe mkononi mwake kama imeguswa na mtu, na sauti ikapanda kwenye yale majengo marefu ikarudi, ngee, ndefu, safi. Akabaki ameshikilia nyundo hewani.

"Mama yako," akamwambia Consolata, bila kumwangalia, "miaka makumi tatu na saba alinilalamikia maneno ile ile yako. Kwamba ananiuliza kitu, niko kimya, ila chuma ikilia niko wa kwanza kusimama. Mpaka siku tulimzika." Akafuta pua kwa mkono wa pajama. "Huyu ni mhunzi kweli. Kwangu imeisha. Mimi nimepokea. Sasa uamuzi ni wako, na mimi nakuonya."

Consolata akaniangalia mimi nisiye na koti, majivu mpaka kwenye nyusi. Akasema atafikiri. Akafikiri wiki tano, jamani, wiki tano za kunisalimia kanisani kwa kunyanyua kidevu. Kisha akatoa sharti lake: nikautoe ule ufa, nichomelee upya, niliache kwenye majivu siku tatu, na siku ya kulirudisha niongee njia nzima, nimpigie simu nikitoka gereji na nisikate mpaka mlangoni. Nikaongea. Karimu akiendesha, mimi naongea, nilimweleza Consolata kila taa ya barabarani na rangi yake, na tulipofika Karimu aliniambia mila ya zamani ilikuwa na hekima kubwa.

Fuawe likaingia baridi kabisa, na uso haukupasuka. Mzee anashikilia mpaka leo kwamba mara ya kwanza lilipasuliwa na mdomo wangu, Karimu anasema ni maji, mimi nasema ni haraka yangu, lakini hakuna anayeniuliza. Mama Dorika nilimnunulia kigari kipya, na bado mapacha wake wakiniona wanakishika. Mama Agneta namwambia Bwana asifiwe nikiwa mita mia, wakati mwingine mara tatu, fidia ya ile siku. Na nimeapa mbele ya mke wangu (ndiyo, alikubali) kwamba mtu akinisalimia nitamjibu hata nikiwa nimebeba jua mgongoni, na kwamba kitu cha moto nitakiacha kipoe hata akiniita nani.

Kwenye ghorofa majirani hawakulistahimili, kwa hiyo sasa liko gereji kwa Karimu, na Jumamosi tunampeleka mzee. Hana cha kufua siku nyingi. Anavaa aproni, anainua ile nyundo yake, anagonga mara mbili tupu, ngee, ngee. Hapo mimi huwa nasimama tu na mdomo wangu wazi, niko Kasulu, nina miaka sita, mpaka Consolata anigonge kiwiko.

"Sema kitu, Eliya."